Jinsi ya kumwabudu Mungu bila kumwekea daftari la deni

Mimi nina duka Langoni, hapa Lamu. Mwaka wa 27 huu napima mchele na sukari, na kazi hii humzoesha mtu kuhesabu. Hapo ndipo nilipopotea. Nilikuwa na daftari dogo chini ya mizani. Upande mmoja naandika saumu za Jumatatu na Alhamisi, rakaa za usiku, sadaka. Upande wa pili, niliyoyaomba. Mambo yalikwenda mpaka mashua iliyobeba mzigo wangu kutoka Mokowe ilipokutwa na mvua ya masika, haina turubai. Magunia 14 ya unga na mchele yalifika gatini yakichuruzika. Siku tatu sikuonekana msikitini alfajiri. Nilinuna, kama mtu aliyelipa bidhaa na isiletwe.

Ukiwa nawe unajiona hivyo, jaribu haya niliyoyajaribu mimi.

Kwanza, kaa peke yako uandike unachokidai. Usiandike "radhi za Mola" kwa sababu tu ndilo jibu zuri. Mimi niliandika matatu: duka lipanuke, mwanangu apate kazi Mombasa, na la tatu niliona haya hata kuliandika: watu wa barazani waseme fulani ni mcha Mungu. Hilo la tatu ndilo baya zaidi, maana malipo yake unayataka kwa watu. Ndiyo riya yenyewe. Kisha soma Suratul Hajj, aya ya 11, inayomtaja anayemwabudu Mungu ukingoni: ikimfika kheri hutulia, ukimfika mtihani hugeuka. Niliposoma niliyaona yale magunia. Karatasi uichane.

Pili, chagua swala moja kwa siku usiyoomba kitu baada yake. Mimi nilichagua isha. Ukitoa salamu, leta tasbihi, subhanallah 33, alhamdulillah 33, Allahu akbar 34, kisha inuka uende zako. Wiki ya kwanza ulimi utawasha.

Wala sisemi dua iachwe. Mungu mwenyewe amesema tumwombe atuitikie, na Suratus Sajda inawasifu wanaomwomba Mola wao kwa khofu na tamaa. Kutumai pepo si kosa. Inasimuliwa kuwa Rabia wa Basra, yule bibi wa karne ya 8, alikuwa akisema: kama namwabudu kwa kuogopa moto, na uniunguze, kama ni kwa kutaka pepo, ninyimwe. Maneno hayo nayapenda, lakini mimi ni mwenye duka, cheo hicho sikidai. Langu ni dogo: ombi liwe ombi, na swala isiwe arbuni yake.

Tatu, na hili ndilo lililonitoa jasho, tafuta jambo moja jema asilolijua mtu. Lamu si rahisi. Vichochoro vyetu punda wawili hawapishani vizuri, na ukinunua samaki mmoja zaidi, kabla ya magharibi mtaa mzima unajua una mgeni. Nikaona niko na daftari jingine, la wakopaji. Kulikuwa na bibi mmoja, deni lake shilingi 1,340, la unga na mafuta ya taa. Usiku nikalipiga mstari, sikumwambia mtu, hata mke wangu. Mwisho wa mwezi akaja na pesa zake amezifunga kwenye pindo la leso.

"Baba, nitazamie nadaiwa ngapi."

"Daftari halina deni lako, bibi."

Akanitazama kwa huruma. Akafunga pindo lake, akaondoka bila ahsante. Jioni nikasikia barazani kuwa mimi nimeanza kusahau, tena umri wenyewe bado.

Wallahi iliniuma. Maneno yalinijaa kinywani: sikusahau, nilisamehe! Nikanywa kahawa, nikanyamaza. Suratul Insan, aya ya 9, imewataja wanaolisha wenzao kwa ajili ya Mungu, hawataki malipo wala shukrani. Malipo nilikuwa tayari kuyaacha. Shukrani ndiyo iliyonishinda. Basi ukifanya jambo lako la siri, jiandae kwa saa hiyo, na ukiona huwezi kunyamaza, anza na deni dogo.

Siku za Maulidi ya Mtume kwenye msikiti wetu wa Riyadha nakaa nyuma kabisa, na kanzu ya mwaka jana. Hilo halihitaji maelezo.

Manung'uniko yatarudi, kwangu hurudi kila mzigo unapochelewa. Yakirudi hukumbuka Bibi Aisha alipomwuliza Mtume mbona anasimama usiku mpaka miguu inavimba, naye ameshasamehewa. Akajibu: "Je, nisiwe mja mwenye kushukuru?" Basi nami naanza kutaja nilivyokwisha kupewa, kimoja kimoja. Naanza na macho: nina miaka 58 na bado nasoma mizani bila miwani. Mara nyingi sivuki vidole vya mkono mmoja kabla hasira haijashuka.

Alhamisi mzigo unavuka tena kutoka Mokowe. Nimeomba ufike mkavu. Turubai pia nimenunua.