Namna ya Kubishania Hip Hop ya Zamani kwenye Baraza la Wakusanyaji

Hapa Lamu mwenye kanda za zamani hajifungii nazo ndani. Akipata moja ataileta barazani, na akiileta ubishi utazuka, kwa sababu kila mkusanyaji huamini kwamba alichokikusanya ndicho kilichostahili kukusanywa. Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukikutana watu wanne au watano kwenye baraza moja la mtaa wa Langoni baada ya sala ya isha. Baadhi yetu tuna kaseti za taarabu, baadhi tuna hip hop ya Marekani ya miaka ya 1980 na 1990, na ami yetu mmoja, baharia mstaafu, ana bati la biskuti lililojaa kadi za wachezaji wa besiboli alizozinunua bandarini enzi za safari zake. Ninaeleza hapa namna tunavyouendesha mjadala wa muziki ili aliyeshindwa leo arudi kesho, nikitaraji kwamba utamfaa yeyote anayetaka kuanzisha baraza la namna hiyo kwao.

Sharti la kwanza ni kwamba mtu asitetee kanda ambayo hakuja nayo. Kumbukumbu hutia chumvi, na aliyeisikia albamu mara mbili kwa jirani mwaka 1995 ataapa kwamba aliihifadhi yote kwa moyo. Kanda ikiwepo, anzeni kwa kusoma kava kwa sauti: jina la msanii, mwaka, kampuni, watayarishaji, na kama ni kanda halisi au ya kudurufu. Maswali ya majina na miaka yamalizwe hapo hapo, kwa kuwa hayo ni ya ushahidi wala si ya ladha, na nimeshuhudia baraza zima likipoteza saa nzima kubishania jambo lililokuwa limechapishwa kwenye karatasi iliyomo mfukoni mwa mtu. Hata hivyo kava ni shahidi asiyejua kila kitu. Wimbo wa "The Message" wa mwaka 1982 ulitoka kwa jina la Grandmaster Flash na kundi la Furious Five, lakini sauti zinazoghani humo ni za Melle Mel na Duke Bootee, na Flash mwenyewe hakuwa na mchango wa maana katika kuutengeneza. Anayemsifu Flash kwa mistari ya wimbo huo asahihishwe kwa upole, kwani amedanganywa na karatasi.

Jambo la pili ndilo kubwa kuliko yote, na tulifundishwa na yule baharia. Tenganisheni hali ya kitu, uadimu wake na ubora wake, kisha msiruhusu kimoja kijibu swali la kingine. Ukimtazama anapoikagua kadi utaelewa. Huishika kwa kingo tu, kwa ncha za vidole viwili, akaiinamisha chini ya mwanga wa tochi ili mikwaruzo ya usoni ijitokeze, akazitazama pembe nne moja baada ya nyingine, akapima kwa jicho kama ukingo mweupe wa kushoto unalingana na wa kulia, halafu akataja namba kati ya moja na kumi, kwa kipimo kile kile wanachotumia wakadiriaji wa kadi huko Marekani. Hadi hapo hajataja jina la mchezaji hata mara moja. Kadi zake nyingi ni za mwishoni mwa miaka ya 1980, kipindi ambacho viwanda vilichapa kadi kwa wingi wa kupindukia, kwa hiyo anaweza kuipa kadi tisa kwa hali yake na papo hapo akakiri kwamba sokoni haimnunulii mtu kikombe cha kahawa.

Mfano anaopenda kuutoa ni wa Mickey Mantle. Kadi ya mchezaji huyo iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952 iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6, ilhali kadi yake ya kwanza haikuwa hiyo, bali ile ya kampuni ya Bowman ya mwaka 1951. Sy Berger, aliyekuwa mtu wa Topps, alisimulia kwamba makasha ya kadi za 1952 zilizododa yalipakiwa kwenye tishari yakaenda kutoswa baharini mwaka 1960. Kisa hicho hakijawahi kushindwa kuwachekesha watu wa kisiwani, ambao wameona mengi yakitupwa baharini lakini si mamilioni ya dola. Mantle alikuwa mchezaji hodari, hapana shaka, lakini uhodari wake haukuongezeka kwa kadi kuzama.

Kwenye kanda kosa hili hutokea kila wiki. Kijana ana kaseti halisi ambayo mwingine hana, basi anatangaza kwamba albamu hiyo ni bora kuliko zote, na ukimuuliza sababu anakuonyesha kava. Mwambieni ataje kwanza hali ya kanda, kisha aseme ni adimu kiasi gani hapa kwetu, kisha anyamaze mpaka muziki upigwe.

Kabla ya kupiga, kagueni mashine. Kichwa cha redio kaseti kifutwe kwa kijiti cha pamba kilichotiwa spiriti, kwa kuwa hewa ya chumvi na vumbi la chokaa la nyumba zetu za mawe huganda hapo na kuifanya sauti isikike kama inatoka chini ya godoro. Mawe ya redio yawe mapya. Usiku mmoja tulibishana kwa muda mrefu kama sauti tuliyoisikia ni ya Rakim, rapa wa Marekani, au ya mtu mwingine mwenye koo nzito, kila mmoja akileta hoja za lafudhi na pumzi, mpaka mawe yakaisha kabisa na redio ikazimika. Yalipobadilishwa Rakim akarudi mwenyewe. Kanda ilikuwa ikizunguka polepole, nasi tulikuwa tumekwisha kujenga nadharia.

Sikilizeni upande mzima pasipo kusema. Albamu ya rapa Nas ya mwaka 1994, "Illmatic", ina dakika zisizozidi arobaini, kwa hiyo inaenea upande mmoja wa kanda ya dakika tisini, na ndiyo maana wengi wetu tuliijua ikiwa imedurufiwa hivyo, bila kukatika katikati. "Ready to Die" ya The Notorious B.I.G., yaani Biggie, iliyotoka mwaka huo huo, haienei upande mmoja. Lazima kanda igeuzwe, na ninaamini kwamba baadhi ya watu hapa mjini wameijua nusu yake tu. Kijana mmoja alipomwambia baharia, "Ami, hii ya Biggie hailinganishwi na hiyo," alijibiwa, "Mwanangu, kabla hujalinganisha, upande wa pili umeusikia?" Hakuwa ameusikia.

Muziki ukiisha, anayesema kwanza awe yule asiyemiliki kanda hiyo. Mwenye kanda aseme mwisho. Kila msemaji alete mstari mmoja au mdundo mmoja anaoutetea, wala asiseme "vibaya" au "vizuri" bila kuonyesha mahali. Sisi watu wa pwani tuna faida hapa, maana masikio yetu yamelelewa na vina na mizani. Mzee asiyejua Kiingereza anaweza kuambiwa ahesabu tu mahali vina vinapoangukia, na atakuonyesha kwamba rapa wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 hutia kina mwishoni mwa mstari, wakati Rakim na waliomfuata hutia vina vya kati na kuvivusha hadi mstari unaofuata. Angalizo moja: ubeti wa rapa mara nyingi una mistari kumi na sita, nao mshororo wa shairi letu una mizani kumi na sita, na daima atapatikana mtu atakayeona siri kubwa hapo. Hakuna siri; endeleeni.

Hoja ya wizi itazuka pia, kwamba hip hop si muziki kwa kuwa imeokoteza midundo ya wengine. Ngoma alizopiga Clyde Stubblefield katika wimbo wa James Brown wa mwaka 1970, "Funky Drummer", zimekatwa na kubandikwa kwenye nyimbo zisizohesabika, naye alilipwa kidogo mno kwa hilo. Lawama ya malipo ni ya haki na isipuuzwe. Lakini lawama ya kuazima isitolewe na mpenzi wa taarabu kabla hajafikiri. Juma Bhalo alipendwa pwani nzima kwa mashairi ya Kiswahili aliyoyatia kwenye mahadhi ya filamu za Kihindi, na hakuna aliyemwita mwizi harusini. Anayetaka kushikilia kwamba kuazima kunapunguza thamani alete kanda ya Zein l'Abdin, mwanamuziki wa taarabu mzaliwa wa Lamu, aweke udi wake, ile ala ya nyuzi, mbele ya watu, na hapo kweli atakuwa na hoja.

Wazee wapewe nafasi ya kuingia bila kudhihakiwa. Mkifika kwenye majibizano ya Jay-Z na Nas ya mwaka 2001, msianze na majina ya Kimarekani. Anzeni na Zahidi Mngumi wa Lamu na Muyaka bin Haji wa Mombasa, waliotupiana tungo wakati miji yao ikihasimiana, na mzee ataelewa mara moja kwa nini kijana anachukua upande katika ugomvi usiomhusu. Adhana ikisikika redio izimwe, hata kama wimbo umebakiza maneno mawili.

Kuhusu kuazimana, andikeni kwenye daftari, na kabla ya kanda kutoka mkononi mwako vunja vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo ukingoni mwake ili isirekodiwe juu. Mimi sikuvunja. Kanda yangu ya Run-D.M.C., "Raising Hell" ya mwaka 1986, ilirudi kutoka kwa jamaa yangu baada ya miezi miwili, upande wa kwanza ukiwa salama na upande wa pili ukiwa na ngoma ya kirumbizi ya harusi yao, zumari, vishindo vya bakora na sauti ya mwanamke akiuliza sahani zimewekwa wapi. Baharia aliishika kwa kingo, akaiinamisha kwenye tochi, akaipa saba kwa hali. Kwa uadimu aliipa kumi, akasema ni moja tu duniani. Kuhusu ubora tuliipiga pande zote mbili, na mpaka leo baraza limegawanyika.