Jinsi ya kupata mkutano wa AA na kuingia siku ya kwanza

Huu ni mwaka wangu wa nne bila kuonja pombe. Nimeandika somo hili kwa anayetaka kuacha na hajui aanzie wapi. AA ni Alcoholics Anonymous, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Kupata mkutano wake si kazi kubwa. Kazi ni kutoka getini mpaka kwenye kiti.

Hatua ya 1: Angalia mwili kwanza

Kama kila asubuhi mikono inatetemeka mpaka utoe loki, yaani unywe kidogo ya kuzimua, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa unaweza kushikwa na degedege ndani ya siku mbili, au ukaanza kuona vitu visivyokuwepo, na watu hufa hivyo. Nenda hospitali umweleze daktari kiasi chako cha kweli, iwe ni chupa au glasi za chang'aa. Ukimpunguzia hesabu kwa aibu, atakupa matibabu ya mtu mwingine. Kwenye mkutano hakuna dawa wala daktari.

Hatua ya 2: Tafuta mkutano

Ukiwa Kenya, piga 1192. Ni namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na hulipii. Waambie unatafuta mkutano wa AA karibu na unapokaa. AA pia huweka orodha za mikutano mtandaoni, lakini piga simu kabla ya kupanda matatu, maana vyumba hubadilishwa. Uliza siku, saa, mlango upi, na kama mkutano ni wa wazi au wa kufungwa. Wa wazi huingia yeyote, hata ndugu yako. Wa kufungwa ni wa wenye nia ya kuacha kunywa tu. Hulipi ada na husajiliwi popote.

Hatua ya 3: Ingia

Mara ya kwanza nilifika mapema nikasimama nje ya geti, simu sikioni, nikijifanya naongea na mtu. Mkutano ulianza nikiwa bado pale. Mzee mmoja alitoka, hakuniuliza jina, akaniambia, "Kijana, chai inapoa." Ndani alinimiminia nusu kikombe tu. Nilidhani ni uchoyo, mpaka nilipokishika na kuona mikono yangu inavyocheza. Kikombe kingejaa ningejiunguza mbele ya watu. Alijua, kwa sababu naye aliwahi kukishika hivyo.

Mikutano mingi huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Mmoja huongoza, yanasomwa maneno ya kufungua, kisha wanaotaka huzungumza: "Naitwa fulani, mimi ni mlevi." Jina moja linatosha. Zamu ikikufikia, sema, "Leo nasikiliza tu," na hakuna atakayekusukuma. Mtu akizungumza hakatizwi, hajibiwi, hashauriwi. Kikapu cha mchango kikipita, mgeni hadaiwi. Kila kikundi hujilipia chumba na majani ya chai. Unayoyasikia mle usiyatoe nje, hata kwa mkeo.

Hatua ya 4: Usikimbie ukiisha

Bakia dakika kumi. Chukua namba mbili tatu za simu, na upige kabla ya kunywa, si baada. Mkutano wa kwanza ukikuchosha, jaribu vikundi vingine vitano au sita kabla ya kukata shauri. Baadaye tafuta sponsa, mtu wa jinsia yako aliyekaa muda mrefu bila pombe, akupitishe zile Hatua 12, mpango wa AA wa kuishi bila pombe.

Maswali ya wasomaji

*Kaka, mimi ni Muislamu wa Mombasa. Mikutano naambiwa iko kanisani. Nitaingiaje?*

Chumba ni cha kukodi tu, ndugu yangu. AA ilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kati ya watu wawili waliokuwa na shida yetu hii, na haiko chini ya dini yoyote. Zile Hatua 12 zinamtaja Mungu "kama tulivyomwelewa". Mwishoni huwa kuna sala fupi. Ukipenda nyamaza, au omba yako kimoyomoyo.

*Anayekunywa ni mume wangu, na hataki kusikia. Nimburute?*

Usimburute, dada. Nenda wewe. Kuna Al-Anon, ushirika wa jamaa za walevi ulioanzishwa mwaka 1951. Huko utakaa na wanawake waliomwaga chupa, waliopekua mifuko, waliodanganya mabosi kwa niaba ya waume zao. Ukitaka kuona AA yenyewe, ingia mkutano wa wazi.

*Niko kijijini. Nikionekana tu, mtaa mzima utajua.*

Mtaa unajua unavyokunywa, ndugu, tangu siku ile ya kwanza uliyobebwa. Ila nakuelewa. Kuna mikutano kwa simu na kwa Zoom. Zima kamera, weka jina moja. Ikiwezekana, hata mara moja kwa mwezi, safiri ukakae chumbani na wenzako. Mimi hiyo ndiyo iliyonishika zaidi kuliko skrini.

*Nilikaa miezi mitatu, nikateleza harusini. Naona haya kurudi.*

Rudi leo jioni. Sharti la uanachama ni moja tu, nia ya kuacha kunywa, na bado unayo, ndiyo maana umeuliza. Kama umekunywa leo, njoo hivyo hivyo, kaa, sikiliza, zungumza siku nyingine. Mpigie mmoja wao sasa hivi akusubiri getini.