Somo: Kifaransa cha mwanzo kwa anayewaza kwa Kiswahili

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haipiti wiki bila mfanyabiashara wa Kasese au mwanafunzi wa Kampala kuniuliza aanze vipi kujifunza Kifaransa. Nimechoka kulijibu swali hilo kwa vipande vipande, kwa hiyo naandika hapa jibu lote kwa pamoja, na ninaomba lisomwe kabla ya kuuliza.

Neno langu kuu ni moja: pitia Kiswahili, usipitie Kiingereza. Wengi wetu tulisomeshwa kwa Kiingereza, basi tukikutana na sentensi ya Kifaransa tunaipeleka kwanza huko ndipo tuielewe, na makosa mengi huzaliwa katika mzunguko huo usio na haja.

Hatua ya kwanza ni salamu. Sema "bonjour" kabla ya neno jingine lolote, na jioni sema "bonsoir", kisha "monsieur" au "madame". Nchini Ufaransa, anayeingia dukani na kuuliza bei bila kusalimu huonekana hana adabu, jambo ambalo mtu aliyelelewa kwa Kiswahili hahitaji kufundishwa.

Hatua ya pili ni "tu" na "vous", njia mbili za kumwambia mtu "wewe". "Tu" ni kwa rafiki, mtoto na ndugu wa karibu. "Vous" ni kwa mzee, ofisa, mteja na yeyote usiyemjua. Anayesema Luganda ameshaelewa, kwa kuwa "mwasuze mutya" humheshimu mtu mmoja kwa umbo la watu wengi.

Hatua ya tatu ni kujieleza, na hapa Kiswahili ni hazina. Sisi husema "nina miaka ishirini", "nina njaa", "nina kiu", "nina usingizi", na Mfaransa husema vivyo hivyo kwa kitenzi cha kuwa na kitu: "j'ai vingt ans", "j'ai faim", "j'ai soif", "j'ai sommeil". Aliyepitia Kiingereza ndiye anayesema "je suis faim", yaani "mimi ni njaa", na hilo ni kosa. "Kuna" ni "il y a", na ndani yake mna kitenzi kile kile cha kuwa na. Tazama pia mahali anapokaa mtendwa: katika "ninamwona", yule "mw" ametangulia "ona", na katika "je le vois", "le" imetangulia "vois". "Ninakupenda" ni "je t'aime", kwa mpangilio huo huo. Kanuni hii huwasumbua sana wanaotoka kwenye Kiingereza, nasi tumeizoea tangu utotoni.

Hatua ya nne ni chakula. Mfaransa hasemi tu "nataka mkate". Hutia kineno cha kiasi mbele yake: "du pain" (mkate), "de la viande" (nyama), "de l'eau" (maji), "des œufs" (mayai). Ukitaka kukumbuka, fikiria neno "divai" tunalolisoma katika Biblia. Neno hilo limetokana na "du vin", yaani tuliichukua nomino ya mvinyo pamoja na kineno chake cha kiasi, vikashikamana. Ukikanusha, vineno hivyo vyote hugeuka kuwa "de": "je ne mange pas de viande", yaani sili nyama. Fanya mazoezi kwa vitu vilivyo mezani pako. Mgeni kutoka Bunia, Kongo, akikuuliza rolex, kile chakula chetu cha Uganda, ni nini, mjibu: "Un chapati avec des œufs, des tomates et du chou", yaani chapati yenye mayai, nyanya na kabichi. Zingatia pia kwamba nchini Ufaransa "déjeuner" ni chakula cha mchana, ilhali kwa Wabelgiji na Wakongo ni cha asubuhi, na "dîner" ndicho cha mchana, basi ukialikwa, uliza saa.

Hatua ya tano ni saa zenyewe, na hii isomwe polepole, kwa maana iliwahi kunitia hasara. Nilikuwa nimekubaliana kwa simu na dereva wa Kikongo tukutane Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, saa mbili asubuhi. Nikahesabu kichwani: mbili ni "deux", saa ni "heures", nikamwambia "à deux heures", naye akaitikia. Alfajiri nilikuwa mpakani na makreti kumi na manne ya nyanya. Dereva alitokea saa tisa alasiri kwa saa yangu, akiwa hajachelewa hata dakika moja. "Deux heures" kwake ilikuwa saa nane mchana, na saa za Kongo upande wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, ziko nyuma ya zetu za Uganda kwa saa moja. Nyanya za chini zilikuwa zimepasuka, maji yake yakichuruzika kati ya mbao za makreti, na mnunuzi wa Beni akakataa nusu ya mzigo.

Kwa hiyo shikeni haya. Kifaransa hutaja namba ambayo mkono mfupi wa saa unaielekea. Kiswahili, kama Luganda, hutaja namba iliyo mkabala nayo. Saa mbili asubuhi ni "huit heures du matin", saa nane mchana ni "deux heures de l'après-midi", saa moja jioni ni "sept heures du soir". Usiseme saa kamwe bila kuongeza "du matin", "de l'après-midi" au "du soir". Usiseme "douze heures" pia, kwa sababu kwenye simu yenye kelele inafanana mno na "deux heures". Saa sita mchana ni "midi" na saa sita usiku ni "minuit". Mwisho, ukipanga jambo na mtu wa Kongo au wa Rwanda, ambayo nayo iko nyuma yetu kwa saa moja, muulize waziwazi: "L'heure de chez vous ou l'heure de l'Ouganda?", yaani saa ya kwenu au saa ya Uganda?

Hatua ya sita ni masikio. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, Kifaransa sivyo: konsonanti nyingi za mwisho hunyamaza. Sikiliza neno kwanza, kisha ulitazame lilivyoandikwa, na usijiandikie matamshi kwa tahajia yetu, kwa kuwa hatuna herufi ya "u" ya Kifaransa wala za irabu zake za puani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mbarara: Je, saa mbili asubuhi ni "deux heures"?

Jibu: Sivyo, ni "huit heures du matin". Tafadhali soma hatua ya tano yote kabla ya kupanga safari.

Mwanachama wa Arua: Ndugu mwalimu, nashukuru kwa somo. Kinachonishinda ni jinsia za maneno. Kwa nini kiti kiwe cha kike na kitabu kiwe cha kiume? Nitajuaje?

Jibu: Dada, umeuliza swali zuri. Hakuna aliyewahi kukueleza kwa nini kiti kimo katika ngeli ya KI-VI na meza imo katika I-ZI, lakini hujawahi kusema "meza kikubwa". Ulilipokea neno pamoja na ngeli yake. Fanya hivyo hivyo: usijifunze "chaise", jifunze "une chaise", na sifa iifuate, "une grande chaise", kama sisi tusemavyo "kiti kikubwa". Sisi tuna ngeli nyingi, wao wana jinsia mbili tu, basi mzigo wao ni mwepesi kuliko tuliokwisha kuubeba. Miisho nayo husaidia: maneno yanayoishia "-tion" karibu yote ni ya kike, na yanayoishia "-ment" kwa kawaida ni ya kiume. Yenye "-age" mengi ni ya kiume, isipokuwa machache kama "une image" na "une plage".

Mwanachama wa Bwera: Mimi navuka kwenda Kasindi kila wiki na wote tunaongea Kiswahili. Kifaransa cha nini?

Jibu: Sikusema Kiswahili hakitoshi sokoni, mimi mwenyewe nanunua na kuuza kwa Kiswahili. Lakini karatasi za forodha za upande wa pili, fomu za hospitali na barua za shule huandikwa kwa Kifaransa, na anayetia saini asichokielewa ni wewe wala si mimi.

Mwanachama wa Kampala: Nitumie kitabu gani ili nijue Kifaransa chote kwa mwezi mmoja?

Jibu: Hakuna kitabu cha namna hiyo.

Mwanachama wa Fort Portal: Jirani yetu Mkongo alinifundisha "septante" kuwa ni sabini, mwalimu wangu akaikata kwa wino mwekundu. Nani amekosea?

Jibu: Hakuna aliyekosea. Kongo, Rwanda na Burundi zilirithi Kifaransa cha Wabelgiji, ambacho husema "septante" kwa sabini na "nonante" kwa tisini. Ufaransa husema "soixante-dix", yaani sitini na kumi, na "quatre-vingt-dix", yaani ishirini mara nne na kumi. Darasani mfuate mwalimu, mpakani mfuate jirani, ila masikio yazoee zote mbili. Chukua namba ya simu inayoanza na 0772: Mkongo atasema "zéro sept, septante-deux", Mfaransa atasema "zéro sept, soixante-douze". Ukisikia "soixante", usiandike 6 upesi, subiri lifuatalo.

Mwanachama wa Bombo: Nyongeza kwa wenzangu: RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ina idhaa ya Kiswahili. Mimi husikiliza habari kwa Kiswahili, kisha nazisikiliza kwa Kifaransa siku hiyo hiyo, na majina ya watu na miji hunionyesha njia.

Jibu: Hiyo ni mbinu njema kabisa, ahsante. RFI pia ina taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi iliyoandaliwa kwa wanaojifunza. Anayependa kusoma achukue sura ya Biblia anayoijua kwa moyo kwa Kiswahili, aisome kwa Kifaransa taratibu.

Mwanachama wa Arua: Ndugu mwalimu, nimeanza kubandika karatasi nyumbani, za kike kwa wino mwekundu na za kiume kwa bluu. Nimekwama kwenye mkasi na miwani, kwani kamusi inanipa "les ciseaux" na "les lunettes", na "les" haionyeshi jinsia.

Jibu: Kweli, dada, wingi huificha. Tia sifa mbele au nyuma nayo itajitokeza: "de petits ciseaux", "de petites lunettes". Mkasi uandike kwa bluu, na miwani kwa nyekundu.