Kufunga kadi mbili tofauti za grafiki kwenye kompyuta moja

Kompyuta yangu ya kurendia, yaani kugeuza modeli za 3D kuwa picha, ina kadi mbili za NVIDIA: RTX 3060 yenye memori ya GB 12 na GTX 1660 Super ya GB 6. Kabla hujashika bisibisi, elewa hili: kadi mbili tofauti haziungani zikawa moja. Kama shida yako ni gemu, uza ya zamani, ongezea hela, nunua moja yenye nguvu. Faida ipo kwenye kazi inayogawanyika, kama kurenda kwa Blender (programu ya 3D), kila kadi ikachukua sehemu yake ya picha.

Memori nazo hazijumlishwi. Kila kadi hupakia kazi nzima, kwa hiyo 12 na 6 hazikupi 18. Kazi ikizidi GB 6, kadi ndogo inachechemea au kazi inakatika. Hapo naiondolea kadi ndogo tiki ndani ya Blender (hatua ya 5), naiacha 3060 imalize peke yake.

Hatua ya 1: Kagua mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Unahitaji sloti mbili ndefu za PCIe, zile za kuchomekea kadi. Ya chini mara nyingi ina njia 4 tu za data hata kama urefu ni uleule. Kwa kurenda zinatosha. Angalia zaidi nafasi ya hewa. Feni za kadi ya juu huvuta hewa kutoka chini, hivyo acha walau upana wa vidole viwili katikati.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umeme. 3060 hula wati 170, 1660 Super wati 125. Hizo ni 295, bado prosesa na feni. Mimi natumia pawasaplai ya wati 750.

Kila kadi ipewe waya wake kutoka kwenye pawasaplai. Mwanzoni nilitumia waya mmoja wenye vichwa viwili, kompyuta ikawa inazima katikati ya kazi. Nilipogusa kichwa cha waya, kilikuwa cha moto kiasi cha kurudisha mkono haraka. Tafadhali usifanye hivyo, na adapta zinazogeuza waya wa SATA (wa diski) kuwa wa kadi ziache kabisa.

Hatua ya 3: Funga. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kesi. Kadi kubwa (3060) iwe juu. Sukuma kila moja mpaka kishikizo cha sloti kilie, kisha kaza skrubu. Monita ichomeke kwenye kadi kubwa, maana skrini nayo hula memori na ile ndogo haina ya kugawa.

Hatua ya 4: Draiva, programu inayoendesha kadi. Hizi mbili hutumia draiva moja ya NVIDIA. Kama kadi yako ya zamani ni ya kizazi cha GTX 10, angalia kwanza: mfululizo wa draiva wa 580 ndio wa mwisho kuzihudumia kadi hizo.

Hatua ya 5: Washa zote. Ndani ya Blender fungua Edit, Preferences, System. Chagua OptiX (njia ya NVIDIA ya kurendia), weka tiki kwenye kadi zote mbili, kisha kwenye mipangilio ya Cycles, injini ya kurenda ya Blender, chagua GPU Compute. Anza kurenda, fungua dirisha la amri, andika nvidia-smi, amri inayoonyesha hali ya kadi. Kadi zote mbili zionekane zinafanya kazi. Ya juu ikikaribia nyuzi 85, ongeza feni ya kuingiza hewa mbele ya kesi.