Biashara ikikubali, sujudu kwanza

Duka la Ngamiani likianza kujaa wateja, ulimi ndio huteleza mwanzo: "Hii ni akili yangu." Karuni, yule tajiri mwenye kiburi wa zama za Nabii Musa, naye alisema vivyo hivyo. Habari njema ikifika, tia udhu, elekea kibla, sujudu sijda moja ya shukrani, ndipo uwapigie watu simu. Kisha kuna zaka ya biashara: mwaka wa Hijria ukitimia, thaminisha bidhaa kwa bei ya kuuzia siku hiyo, ongeza fedha taslimu na madeni yanayolipika. Makabati na pikipiki ya duka usivihesabu. Jumla ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu, toa asilimia 2.5, yaani milioni 40 hutoa milioni 1. Wengi huitolea zaka faida tu, mtaji wakauruka. Na jirani anayestahiki apelekewe bila kamera, tafadhali.