Pima pumzi na akiba ya mkimbiaji kwa saa na uwanja tu

Mkimbiaji akilegea mita 200 za mwisho, jukwaani watasema hana pumzi. Huenda pumzi anayo. Kilichomwishia ni akiba: ile mbio ya ziada misuli inapodai oksijeni zaidi ya inayoletwa na damu. Vipimo viwili vya uwanjani hutenganisha mambo haya, bila maabara.

Hatua ya 1. Apashe mwili moto dakika 15, kisha akimbie mita 1200 kwa nguvu zake zote: raundi 3 za uwanja wa mita 400, njia ya ndani kabisa. Andika muda kwa sekunde.

Hatua ya 2. Siku nyingine, akishapumzika, akimbie mita 3600, raundi 9. Hapa ndipo wengi huharibu. Kijana anaruka kama mwizi raundi ya kwanza, raundi ya 6 anatembea, na kipimo hakina maana tena. Msomee muda kila raundi. Mimi hukataa pia kupima siku ya upepo mkali, hata wakinuna.

Hatua ya 3. Piga hesabu. Tuseme 1200 alitumia sekunde 210, na 3600 sekunde 720. Tofauti ya umbali ni mita 2400, ya muda sekunde 510. Gawanya: mita 4.71 kwa sekunde, yaani raundi moja kwa sekunde 85. Huo ndio mwendo anaoweza kuushikilia bila kula akiba. Ndiyo pumzi yake. Kwa mwendo huo, sekunde 210 zingempeleka mita 988 tu, naye alifika 1200. Zile 212 za juu ndizo akiba yake.

Hatua ya 4. Zitumie mazoezini. Ukimpa mita 400 kwa sekunde 75, kwa mwendo wake wa pumzi angefika 353; kila moja inamla mita 47. Nne zinamaliza 188. Akiba iliyobaki haitoshi kwa ya tano, kwa hiyo mpe mapumziko ya kutosha katikati ili akiba irudi.

Rudia baada ya wiki 6 hadi 8, uwanja uleule. Matokeo ya Iten, mita 2400 hivi juu ya usawa wa bahari, usiyalinganishe na ya Mombasa: hewa nyepesi hupunguza mwendo wa pumzi hata kama kijana hajashuka kiwango.