Kabla hujagusa wadudu na lami kwenye rangi ya gari

Ukirudi Dar usiku kutoka Morogoro wakati wa masika, asubuhi unakuta gari limebadilika sura. Mabawa ya kumbikumbi yameganda kwenye bampa, boneti ina madoa ya manjano yaliyokauka, na nyuma ya matairi ya mbele kuna vitone vyeusi vya lami uliyoipitia pale barabara inapokarabatiwa. Unatamani uchukue dodoki umalize kazi. Subiri kwanza, maana rangi nyingi ninazoziona zimeharibika hazikuharibiwa na mdudu, zimeharibiwa na aliyemsugua.

Anza na jua. Majimaji ya mdudu yana tindikali, na boneti ikipata moto yanazidi kuingia kwenye lile tabaka la juu linalong'aa, ambalo mafundi rangi huliita klia. Ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Kwa hiyo wadudu wasilale siku tatu, ila pia usiwaoshe saa saba mchana. Weka kiganja kwenye boneti: kama huwezi kukituliza hapo, gari bado ni la moto, na sabuni itakauka kabla hujaisuuza. Saa kumi na mbili asubuhi kivulini ndio wakati wake.

Halafu maji. Visima vingi hapa mjini vina chumvi, na maji hayo yakikauka juu ya rangi huacha alama nyeupe. Kama huna mengine, futa gari likauke mara tu unapomaliza. Andaa ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Sabuni ya unga ya kufulia iache ndani, inaondoa nta yote inayopakwa kulinda rangi. Dodoki la sufuria lisikaribie kabisa. Gari letu liliwahi kusuguliwa kwa dodoki na kijana aliyetaka kutufurahisha. Doa lilitoka, lakini jua likipiga boneti hadi leo unaona mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui. Iliniuma sana.

Mdudu halazimishwi. Mwagia gari maji mchanga utoke, kisha tandika taulo laini lililolowa juu ya madoa, dakika kumi hivi. Ukilifunua, mabawa yanateleza yenyewe, na yaliyobaki yanatoka kwa kitambaa laini chenye povu, ukifuta bila kukandamiza. Doa likigoma, rudisha taulo.

Lami ni habari nyingine, maji hayaifanyi kitu. Maduka ya vipuri Kariakoo yanauza dawa yake. Ukiikosa, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa husaidia. Petroli na tina, ile ya kuzimulia rangi, usithubutu: zinashika moto upesi, na tina inaweza kulainisha rangi yenyewe. Kwanza jaribu mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingoni ndani ya mlango, uone kama kitambaa kinabeba rangi. Hili ni la lazima kwa gari lililopigwa rangi upya gereji, kwa sababu huwezi kujua fundi alitumia rangi gani, na iliyopigwa wiki hizi chache bado haijakomaa. Bonyeza kitambaa juu ya kitone kwa nusu dakika, kitabadilika kuwa kahawia na kuanza kutiririka. Hapo kifute mara moja, ugeuze upande safi. Ukirudia na upande mchafu, unaipaka lami gari zima. Usiache mafuta kwenye mipira na plastiki.

Palipoguswa na mafuta paoshwe tena kwa shampuu, pakaushwe, papakwe nta, kwa sababu ile ya zamani imeondoka. Vile vitambaa vya mafuta ya taa vitandaze nje vikauke, mbali na jiko la mkaa na watoto. Usivikunje ukavitupia kwenye buti.